Kadi ya Sauti na Mizani ya Sikio

Miongoni mwa vyombo vilivyomo ndani ya kompyuta, pengine hakuna kinachosifiwa kwa maneno mengi na kufahamiwa kwa uchache kama kadi ya sauti. Mnunuzi aingiaye dukani Kariakoo mjini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi, hukabiliwa na maboksi yaliyopigwa chapa za tarakimu kubwa kubwa, biti 32, sampuli 384,000, spika saba na moja ya besi, desibeli 120 na ushei, na kila tarakimu hujidai kuwa ndiyo shahidi wa ubora. Na kwa kuwa muuzaji ana haja ya kuuza, ilhali mnunuzi hana mizani ya kupimia anachouziwa, aghalabu shauri hukatwa na bei, au na taa za rangi zinazometameta ubavuni mwa chombo. Makala haya yamekusudia kumpatia msomaji mizani hiyo, nayo haihitaji maabara wala elimu ya uhandisi: yatosha masikio mawili yenye afya, muziki ambao mtu aujua kwa moyo, muda wa utulivu, na maarifa kidogo ya namna kadi ya sauti itendavyo kazi yake. Hukumu nitakayoitetea ni kwamba kadi njema hujulikana kwa ukimya wake kabla ya kujulikana kwa sauti yake, na kwamba chombo kimfaacho mchezaji wa gemu chaweza kisimfae mwanamuziki, kwa sababu kila mmoja wao ana haja yake.

Sauti ni mtetemo wa hewa, na ndani ya kompyuta mtetemo huo huhifadhiwa kwa hesabu. Wimbo uliomo katika kompyuta ni safu ndefu ya namba, na kila namba yaeleza wimbi la sauti lilikuwa juu au chini kiasi gani katika nukta fulani ya wakati. Kazi ya kwanza ya kadi ya sauti ni kuzichukua namba hizo na kuzigeuza kuwa umeme upandao na kushuka kwa kadiri ile ile, ili umeme huo ukasukume utando wa spika au wa hedifoni, na hewa itetemeke tena kama ilivyotetemeka mbele ya mwimbaji. Kazi ya pili ni kinyume chake, yaani kuupokea umeme utokao katika kipaza sauti na kuuandika kwa namba. Katika CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, namba zinazosomwa ni 44,100 kwa kila sekunde kwa upande wa kushoto, na nyingine kadiri hiyo kwa upande wa kulia, na kila namba huchaguliwa miongoni mwa ngazi 65,536, ambazo ndizo wataalamu waitazo biti 16. Kiasi hicho hakikupatikana kwa kukisia. Misingi iliyowekwa na Harry Nyquist mwaka 1928, na kuthibitishwa kwa hesabu na Claude Shannon mwaka 1949, yatufunza kwamba wimbi laweza kurudishwa kamili maadamu sampuli zake kwa sekunde zazidi maradufu ya mitetemo yake ya juu kabisa. Na kwa kuwa sikio la kijana mwenye afya husikia toka mitetemo 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde, nalo la mtu mzima hupungukiwa kadiri umri unavyosonga, sampuli 44,100 zatosheleza haja ya mwanadamu na kubakiza akiba.

Ili tufahamu kwa nini watu wengi wangali wakiamini kwamba kompyuta isiyoongezwa kadi haina sauti ya maana, yafaa turudi nyuma. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, ambayo ndiyo babu wa nyingi tulizo nazo leo, ilikuwa na spika ndogo iliyotoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja, mlio mkavu wa onyo, na mchezo uliotaka muziki ulilazimika kuridhika nao. Mwaka 1987, huko Quebec katika Kanada, kampuni ya AdLib, iliyoanzishwa na Martin Prevel ambaye alikuwa amefundisha muziki katika Chuo Kikuu cha Laval, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kupiga sauti tisa kwa pamoja, na mchezaji aliyekaa nyumbani akasikia ala zikiandamana katika mashine ambayo watu waliidhania kuwa ya kazi za ofisini tu. Chipu hiyo iliunda sauti kwa njia aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, njia ya kuutikisa mtetemo mmoja kwa mtetemo mwingine hata sauti mpya ikazaliwa. Ilikuwa njia ya werevu mkubwa, ila haikuweza kumsemesha mtu wala kuulipua mzinga ukasadikika. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Creative ya Singapore, chini ya uongozi wa Sim Wong Hoo, ikatoa kadi iitwayo Sound Blaster, iliyoichukua chipu ile ile ya Yamaha ili kila mchezo ulioandikwa kwa ajili ya AdLib uitambue, kisha ikaongeza juu yake kigeuzi cha biti 8 cha kupigia sauti zilizorekodiwa, pamoja na tundu la kuchomekea fimbo ya kuchezea. AdLib ilifilisika mwaka 1992, na mwaka huo huo Creative ikatoa Sound Blaster 16, iliyofikia kipimo cha CD. Katika zama hizo kununua kadi ya sauti kulikuwa ni kununua sauti yenyewe, na imani iliyozaliwa wakati huo imeishi kuliko sababu zake.

Kisa chenye mafunzo zaidi kwa mnunuzi wa leo ni cha mwaka 1998, ilipotoka Sound Blaster Live. Wachezaji waliipenda mno, na kwa haki, kwa kuwa chipu yake iliweza kuvika kila mlio mwangwi wa mahali ulipotokea, hata nyayo za adui zikasikika kwa namna moja katika ukumbi wa mawe na kwa namna nyingine ndani ya handaki. Lakini chipu hiyo ilifanya shughuli zake zote kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na muziki wa CD, ulio na sampuli 44,100, ulilazimishwa kugeuzwa ufuate kima hicho kabla ya kutoka. Na kwa kuwa ugeuzaji wenyewe haukuwa makini vya kutosha, waliopima kwa vyombo waliona milio isiyokuwamo katika wimbo imezaliwa njiani. Mchezaji aliyekuwa akisikiliza risasi na milango hakuona taksiri yoyote, na mpenzi wa muziki aliyekuwa akisikiliza fidla alikuwa na sababu ya kulalamika, na wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya kadi moja. Ndiyo sababu swali la kadi ipi ni bora halina jibu mpaka muulizaji aseme ataifanyia nini.

Wakati huo huo kulikuwa na mshindani, kampuni ya Aureal ya Marekani, ambayo kadi zake zilikokotoa namna sauti inavyodunda ukutani na kurudi sikioni. Mashtaka kati yake na Creative yaliidhoofisha, ikafilisika mwaka 2000, na mali zake zikanunuliwa na kampuni ile ile iliyoshtakiana nayo. Kisha ikaja Windows Vista, iliyotolewa kwa umma Januari 2007, ambayo iliifunga njia ya zamani iliyowezesha michezo kuikabidhi kadi hesabu za sauti za pande zote. Tangu hapo hesabu hizo zimehamia kwa sehemu kubwa ndani ya programu ya mchezo wenyewe na kufanywa na chipu kuu ya kompyuta, ambayo nguvu zake siku hizi ni nyingi kiasi kwamba kazi hiyo haiilemei. Fauka ya hayo, Intel ilikuwa imeweka kanuni za sauti iliyojengwa katika bodi kuu, za kwanza mwaka 1997 na nyingine bora zaidi mwaka 2004, na leo ni nadra kuikuta kompyuta isiyo na chipu ya sauti tangu kiwandani. Basi mtu anunuaye kadi ya ziada leo hanunui sauti asiyokuwa nayo. Anunua marekebisho ya sauti aliyo nayo, na hana budi ajue kwanza kasoro anayotaka kuirekebisha.

Tuziangalie sasa tarakimu za kwenye boksi. Iliyo na manufaa kuliko zote ni uwiano wa sauti na kelele, uandikwao kwa desibeli, unaoeleza umbali uliopo baina ya sauti kubwa kabisa iwezayo kutolewa na chombo na kelele yake chenyewe kinapokuwa hakipigi kitu. Kila biti moja huchangia desibeli sita hivi, kwa hiyo biti 16 zatoa 96, na biti 24 zingetoa 144 lau kama pangekuwa na kigeuzi kiwezacho kuzifikia. Lakini hata vigeuzi vilivyo bora havivuki 130 hivi, kwa sababu joto la vipande vya umeme lenyewe huzaa kelele ambayo hakuna fundi awezaye kuifuta. Msomaji ayapime haya kwa chumba chake. Chumba kilicho kimya usiku, feni ikiwa imezimwa, kina kelele ya desibeli 30 hivi, na muziki unaofika desibeli 100 tayari wahatarisha masikio ya anayeusikiliza kwa muda mrefu. Baina ya hizo mbili mna desibeli 70, nafasi ambayo CD ya mwaka 1982 huijaza na kuipita. Kwa hiyo biti 32 zilizoandikwa kwa wino wa dhahabu hazimwongezei msikilizaji chochote, na sampuli 192,000 au 384,000 huhifadhi mitetemo ambayo huenda popo angeifurahia. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti matokeo ya jaribio ambalo ndani yake wasikilizaji walipigiwa rekodi za kipimo cha juu, mara zikiwa kama zilivyo, mara zikiwa zimepitishwa kwanza katika kipimo cha CD, nao katika usikilizaji wa kawaida hawakuweza kuzibainisha ila kwa kubahatisha. Biti 24 zina faida kwa arekodiye, kama nitakavyoeleza. Kwa asikilizaye, hazina.

Jambo jingine la kutahadhari ni kwamba tarakimu ya desibeli iliyochapwa kwenye boksi mara nyingi ni ya chipu peke yake, jinsi mtengenezaji wake alivyoipima katika hali njema kuliko zote, nayo haielezi yatakayotokea chipu hiyo itakapopachikwa jirani ya kadi ya picha inayokula umeme mwingi, kwenye bodi ambayo mtengenezaji wake alibana gharama. Chipu mbili za jina moja katika bodi mbili zaweza kutoa matokeo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Anayetaka kupima kikweli aweza kutumia programu iitwayo RightMark Audio Analyzer, akaunganisha tundu la kutolea sauti na tundu la kuingizia kwa waya mfupi, kadi ikajisikiliza yenyewe. Akumbuke tu kwamba tundu la kuingizia nalo lina kasoro zake, na jawabu atakalopata limezichanganya za pande zote mbili.

Nimesema kadi njema hujulikana kwa ukimya, na hapa ndipo penye jaribio ambalo halina gharama nalo hushinda majaribio mengi ya gharama. Vaa hedifoni, hakikisha hakuna wimbo unaopigwa, pandisha sauti hadi mwisho, kisha sikiliza. Ukisikia mvumo mwembamba na tulivu, kama pumzi ya mtu aliyelala, hilo ni jambo la kawaida. Ukisikia vilio vyembamba vinavyobadilika uisogezapo puku, au mkwaruzo unaoanza mara tu kadi ya picha ianzapo kufanya kazi nzito, basi umeme wa sehemu nyingine za kompyuta unaingia katika njia ya sauti, nayo ni taksiri ya bodi wala si ya wimbo. Kelele ya namna hii ni kama mchanga katika wali: chembe moja huharibu sinia nzima, kwa kuwa sikio la mwanadamu huzoea mvumo usiobadilika na kuusahau, lakini hulikamata kila jambo lililo na mwendo wake. Kabla hujatoa fedha, hamisha plagi kutoka tundu la mbele la kompyuta ya mezani uipeleke tundu la nyuma, kwa sababu waya wa tundu la mbele hukatiza ndani ya sanduku zima na kuokota takataka za umeme njiani, ilhali tundu la nyuma limeshikamana na bodi. Wengi waliodhani wanahitaji kadi mpya walihitaji kuinuka kitini tu.

Kuna kelele nyingine ambayo mara nyingi husingiziwa kadi, nayo ni mngurumo mzito wa mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo mitetemo ya umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki. Huja hasa pale kompyuta na amplifaya zinapopata umeme katika soketi mbili tofauti na kuunganishwa pia kwa waya wa sauti, hata ardhi ya chombo kimoja na ardhi ya kingine zikafanya mzunguko, na umeme mdogo ukapita katika waya ambao haukukusudiwa kwa kazi hiyo. Mwenye kompyuta ya kubeba ana njia nyepesi ya kuthibitisha: achomoe chaja, asikilize kwa betri, mngurumo ukitoweka, kosa liko katika umeme, na kadi ya fedha nyingi itanguruma vile vile. Dawa ni kuchomeka vyombo vyote katika soketi moja, au kutumia kitenganishi kidogo chenye transfoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Namsihi msomaji asiikate miguu ya ardhi ya plagi kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wa mitaani, kwani mguu ule ndio unaolinda maisha ya mtu chombo kinapoharibika, na hakuna wimbo ulio na thamani ya roho.

Ikiwa kelele imethibitika kuwa ni ya bodi yenyewe, tiba iliyo bora siku hizi ni kuitoa sauti nje ya sanduku, kwa kifaa cha USB kibebacho kigeuzi chake mbali na misukosuko ya ndani. Hapa ndipo bei ilipoanguka kwa namna ambayo wazee wa zama za Sound Blaster wasingeisadiki: kiungo kidogo cha Apple cha USB-C chenye tundu la hedifoni, kiuzwacho Marekani kwa dola 9, kimesifiwa na wapimaji kwa usafi wake, na chawashinda baadhi ya ndugu zake wa bei kubwa kwa mbali.

Usafi peke yake, hata hivyo, hautoshi ikiwa chombo hakina nguvu ya kuisukuma hedifoni. Hedifoni zina ukinzani wake, upimwao kwa omu: nyingi za kawaida ni za omu 16 hadi 32, na zile za studio zaweza kufika 250 kama zilivyo baadhi za Beyerdynamic, au 300 kama Sennheiser HD 600, nazo hizi zikichomekwa katika tundu dhaifu hutoa sauti ndogo isiyo na uhai, mwenye nazo akadhani amedanganywa dukani. Kadi nayo ina ukinzani wake wa kutolea, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa hedifoni uwe angalau mara nane ya ule wa kadi, la sivyo besi hupanda au kushuka mahali ambapo mtunzi hakutaka. Ni jambo ambalo maboksi hulikalia kimya.

Sasa tuje kwenye sikio lenyewe, ambalo ni hakimu mwadilifu likilindwa na hakimu mpotofu likiachwa. Hila inayolipotosha kuliko zote ni ukubwa wa sauti. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii mitetemo yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo besi hufifia kuliko sehemu nyingine. Kwa hiyo kati ya kadi mbili zilizo sawa, ile inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi, hata kwa desibeli moja, husikika kuwa nene, pana na yenye uhai, na msikilizaji huapa kwamba amesikia ubora ilhali amesikia wingi. Muuzaji mjanja aijua siri hii. Basi mtu alinganishe sauti kwanza hata zilingane kwa uangalifu, kisha amwombe mwenzake abadilishe vyombo bila kumwambia kipi ni kipi, naye ataje anachosikia mara kadha wa kadha. Ikiwa majibu yake yayumbayumba, tofauti haipo, au haimhusu.

Na asikilize nini? Watu wengi huchagua nyimbo zilizorekodiwa kwa vishindo, ambazo zimebanwa hata hazina pa kupandia wala pa kushukia, nazo hupendeza katika kila chombo na kwa hiyo hazipimi chochote. Mimi naona hatuna kipimo bora kuliko rekodi nzuri ya taarabu ya kikundi kikubwa, kama vile za Culture Musical Club ya Unguja, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo kadi mbaya haiwezi kuyaficha. Ala ya kanuni hupigwa kwa kudonolewa nyuzi, na kila mdonoo huanza ghafla na kufa polepole, hata kwenye mkia wake kelele ya chombo hujitokeza; fidla nyingi zikipiga lahani moja hutoa umbile ambalo katika chombo kipotofu hugeuka ukali mmoja usio na watu ndani yake; besi hutembea chini kwa sauti za kuhesabika; na mwimbaji, akivuta pumzi kabla ya beti, asikike akiivuta. Tafuta kanuni iko upande gani, na udi uko upande gani. Ala zote zikirundikana katikati, upande mmoja wa sauti unavujia upande wa pili. Rekodi za kale, kama zile za Siti binti Saad za mwaka 1928, zina thamani isiyokadirika kwa historia yetu, ila haziwezi kuipima kadi, kwa kuwa mkwaruzo wa sahani umeshazifunika kelele zote.

Kwa mchezaji wa gemu mambo yahesabiwa kwa njia nyingine. Anachokitaka kwanza ni kujua adui anatokea wapi, na maarifa hayo hutokana na vitu vidogo mno: sauti itokayo ubavuni huwahi sikio moja kabla ya la pili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kichwa huikinga njiani na kuipunguza makali, na mikunjo ya sikio la nje huipaka rangi tofauti ikitoka mbele, nyuma au juu. Programu yaweza kuyaiga haya yote kwa hesabu na kuyapeleka katika hedifoni ya kawaida yenye spika mbili, na michezo kama Counter-Strike na Valorant inayo mipangilio hiyo ndani yake. Basi hedifoni ziandikwazo 7.1 ni maneno matupu kwa sehemu kubwa, kwa maana tuna masikio mawili. Na aliyewasha hesabu za pande zote ndani ya mchezo, kisha akawasha tena zile za kadi, kisha za Windows, amezipitisha nyayo za adui katika vichujio vitatu, akapotea mwenyewe. Achague kimoja azime vingine. Azime pia vikuza besi na vipamba sauti vilivyokuja na programu endeshi, kwa kuwa mlipuko unaotikisa kifua ndio ufunikao hatua za aliye nyuma yake. Ama wachezaji wa kandanda ya kompyuta, ambao ndio wengi katika vibanda vyetu vya gemu, wao hawana haja ya kununua chochote kwa ajili ya jambo hili. Kelele za mashabiki zasikika sawasawa kutoka pande zote, na chipu ya bodi yawatosha kabisa. Wote kwa pamoja waepuke hedifoni za Bluetooth za kawaida wachezapo, kwa kuwa mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na risasi ikasikika baada ya mtu kufa.

Mwenye haja ya kadi ya kweli, nami nalisema hili bila kusita, ni kijana anayerekodi. Vijana wetu wengi wa Bongo Fleva huanzia katika chumba cha kulala chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani, na kwao tundu la kuingizia sauti ndilo lenye kuamua. Kipaza sauti cha kondensa kinataka umeme wa volti 48 uingie kupitia waya wake, ambao bodi ya kompyuta haina. Kinataka pia kikuza sauti kisicho na kelele, kwa sababu kelele ikirekodiwa pamoja na mwimbaji haitoki tena, na nyimbo zenye nyuzi ishirini za sauti huzijumlisha kelele zote ishirini. Hapa biti 24 zina kazi yake: mwimbaji hurekodiwa chini kidogo ya kilele ili apandapo kwa ghafla asikatike, na nafasi iliyobaki chini haimezwi na kelele. Fauka ya hayo kuna ucheleweshaji. Kompyuta hukusanya sampuli kwa mafungu kabla ya kuzishughulikia, na fungu la sampuli 256 katika kima cha 48,000 huchukua sehemu tano hivi kati ya elfu moja za sekunde, ambao ni muda wa sauti kusafiri chini ya mita mbili hewani, na hakuna mwimbaji aulalamikiaye. Fungu la 2,048 huchukua zaidi ya sehemu arobaini za namna hiyo, kabla hata ya kuhesabu safari ya kurudi, na mwimbaji ajisikiaye kwa kuchelewa hivyo hutoka nje ya mapigo. Njia iitwayo ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, huziwezesha programu za muziki kuzungumza na kadi bila kupitia ngazi nyingi za Windows, nayo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta katika chombo cha kurekodia. Kwa hiyo fedha ambazo kijana angetumia kununua kadi ya gemu yenye taa, azitumie kununua kifaa cha USB cha kurekodia chenye matundu mawili ya kipaza sauti na programu endeshi inayotunzwa na kampuni yake mwaka hata mwaka. Kwani kadi iliyo bora kwa chuma chake, ikikosa programu endeshi ya mfumo mpya, huwa haina faida, na masoko yetu ya mitumba yamejaa vyombo vya namna hiyo.

Mwenye fedha za kitu kimoja tu, naye asikiliza na kucheza bila kurekodi, anunue hedifoni nzuri na aichomeke katika kompyuta aliyo nayo, maana tofauti iliyopo kati ya hedifoni mbili ni kubwa kuliko iliyopo kati ya kadi kumi. Ama ndugu zetu wenye maduka, nawaomba jambo ambalo halitawagharimu sana: wekeni mezani kompyuta moja iliyowashwa na hedifoni moja safi, kisha mmwachie mnunuzi asikilize ukimya wa chombo na wimbo wake mwenyewe kabla hajalipa.